Jembe la Wegesa Lililosikika Redioni

Jua limefika juu ya ukuta wa mawe lakini bado halijaingia ndani. Wegesa Heche amepiga magoti katika shimo ambalo kina chake hakifiki goti la mtu mzima, kanga kaifunga kiunoni, brashi ya kupakia rangi mkononi. Anafagia udongo, anaupuliza, anafagia tena. Karai lililo kando yake lina udongo usiotosha kupandia mche wa mgomba.

"Kazi yenyewe ndiyo hii," anasema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kuona mtu anatoka jasho, umekosea njia. Huku tunatoka machozi, vumbi likiingia machoni."

Hapa ni Kisaka, wilaya ya Serengeti, kiangazi cha mwaka huu wa 1978. Juu ya kilima, ndani ya duara la mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, kuna mahame ya watu wa zamani. Sakafu za nyumba zao zimefunikwa na udongo na nyasi. Wegesa na wenzake wanazifunua polepole, ili ijulikane watu hao walikula nini, walifua chuma wapi na walilaza ng'ombe upande gani.

Wenye elimu huiita kazi hiyo akiolojia. Kijijini wana jina lao. Wanasema ni kazi ya kuchokoza wazee.

Wegesa, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, hakuzaliwa hapa. Kwao ni Nyamisangura, Tarime, ambako baba yake alikuwa fundi viatu. Aliolewa Kisaka na Mniko Waitara, mkulima na mfugaji, na wana watoto watano. Wakati wa Operesheni Vijiji walihamishwa kutoka bondeni wakapangwa kando ya barabara pamoja na wenzao. Shamba likawa mbali, malisho yakawa mbali zaidi, na ng'ombe wakapungua.

Ndugu Benedicto Filemoni, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, alipokuja mwaka jana kutafuta vibarua kwa shilingi kumi kwa siku, wanaume wa kijiji walitazama pembeni. Wegesa ndiye aliyenyoosha mkono.

"Sikuwa shujaa," anasema. "Mtoto alitakiwa shule na sare hana. Hofu nilikuwa nayo kama wengine, ila hofu haishoni sare."

Hofu hiyo ina sababu zake. Kwa watu wa hapa mahame si pori. Aliyehama huacha nyuma watu wake waliolala, na jembe halipigwi juu yao kana kwamba ni shamba la mihogo. Anayelipiga amewatukana wenye nyumba, na mkono wake haupokelewi chakula mpaka mambo yasawazishwe.

Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji, mzee Nyangwine, aliruhusu uchimbaji kwa sharti moja tu. Ndani ya ukuta, jembe lisipigwe. Benedicto alikubali bila taabu, kwa kuwa hata waliomfundisha kazi walimkataza. Vifaa vyake ni brashi, mwiko wa mwashi, kamba na chekecheo la waya.

Kijiji kikaridhika, au kikanyamaza, ambavyo mara nyingi havina tofauti kubwa. Ambaye hakuridhika ni mtu mmoja, naye ndiye ambaye Wegesa alihitaji ridhaa yake kuliko ya kijiji kizima. Ni Bibi Mokami, mama mzazi wa Mniko.

Tangu mkamwana wake apande kilimani kwa mara ya kwanza, bibi huyo hajala obokima, yaani ugali, uliosongwa na Wegesa. Anajipikia mwenyewe kwenye kijisufuria chake.

"Hanitukani," anasema Wegesa. "Angenitukana ningejua la kujibu. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia vizuri. Nikimpelekea chakula anasema, 'Weka hapo.' Nikirudi kiko hapo hapo, kimepoa. Kisha wanapewa mbwa."

Anasimama kunyoosha mgongo na kufuta uso kwa pindo la kanga.

"Inauma, ndugu mwandishi. Unamsongea mzazi wako ugali, anayeshiba ni mbwa."

Mumewe Mniko hapendi kuulizwa habari hizi. Alipofuatwa malishoni alisema maneno machache tu, kwamba yule ni mama yake na huyu ni mke wake, na mtu hawezi kuchagua mguu wa kutembelea. Kisha akawafuata ng'ombe wake.

Benedicto naye ana kilio chake. Anasema amezunguka shule nyingi za sekondari akiwauliza wanafunzi wanataka kuwa nani. Wanataka udaktari, uhandisi, urubani. Akiolojia hawajaisikia.

"Mmoja aliniuliza kama kazi yangu ni kutafuta rupia walizofukia Wajerumani," anasema. "Na huyo ndiye aliyekaribia."

Basi akapata wazo. Huko ng'ambo alikosomea, wataalamu wenzake hutembelewa na watangazaji maarufu wa televisheni, watu ambao nyuso zao zinajulikana kila nyumba. Mtangazaji hushuka shimoni, hushika kigae cha chungu, hucheka, na kesho yake vijana wanaitamani kazi ile. Bara hatuna televisheni. Tuna redio, na kwenye redio tuna Tamimu Maftah.

Kwa asiyemjua, kama yupo, Tamimu ndiye anayetangaza mpira wa miguu Jumamosi na kusoma salamu za wasikilizaji Jumapili. Mjini Mugumu, fundi cherehani aitwaye Shaaban anasema mpira ukianza hutoa mguu kwenye cherehani kwa tahadhari.

"Nimewahi kushona mikono yote miwili upande mmoja wa shati kwa sababu ya bao alilolitangaza yeye," anasema Shaaban. "Mwenye shati hakukasirika. Naye alikuwa anasikiliza."

Benedicto alimwomba Tamimu aje Kisaka aandae kipindi. Tamimu, ambaye alikuwa hajawahi kufika huku, akakubali.

Habari hiyo ilipomfikia Wegesa, ilimpa tumaini ambalo mtaalamu hakulifikiria. Bibi Mokami hana redio, lakini kila Jumapili huenda kwenye ofisi ya kijiji na kuketi karibu kabisa na redio ya pale. Kiswahili chake ni cha kuombea maji. Hata hivyo sauti ya Tamimu anaijua, na huwa anaitikia salamu zake kama vile mtu amepita mlangoni.

"Nikasema, mama anamwamini huyu," anasimulia Wegesa. "Huyu akisema kazi yangu ni ya heshima, mama atakula. Mimi nimeshindwa, Mniko ameshindwa, padri ameshindwa. Labda Tamimu."

Siku ya Tamimu ilikuja na Land Rover na vumbi lake. Watu walipanda kilimani ambao hawakuwahi kukanyaga huko tangu uchimbaji uanze. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walimpa mkono. Bibi Mokami hakupanda. Alisema sauti ile ataisikia palepale anapoisikia siku zote.

Kwa maelezo ya wote waliokuwapo, Tamimu ni mtu wa watu. Alivua viatu vyake vya mjini, akashuka shimoni, akafagia mwenyewe mpaka shati likabadilika rangi. Aliuliza maswali mazuri. Kisha akaisogeza maikrofoni karibu na brashi ya Wegesa, akarekodi, akaurudisha nyuma mkanda wa mashine yake ili wasikilize.

Hawakusikia kitu. Walisikia kimya, na ndani ya kimya hicho nzi.

"Ndugu zangu," Tamimu akasema, "mimi natangazia masikio. Hapa masikio yatakula nini?"

Walijaribu chekecheo. Lilisikika vizuri, lakini Tamimu akatikisa kichwa, akasema wasikilizaji watadhani yuko jikoni kwa mtu anayechunga unga. Walijaribu mwiko wa mwashi. Ulikwaruza kidogo, ukanyamaza. Ndipo macho yake yalipoangukia jembe lililoegeshwa nje ya ukuta, ambalo vibarua hulitumia kusawazisha kifusi cha udongo uliokwisha kuchekechwa.

"Lile pale!" akasema.

Wegesa alimweleza sharti la mzee Nyangwine. "Nilimwambia, kaka, lile haliingii humu. Akasema hapana dada, wala sitaki liingie, tulifuate liliko."

Basi wakatoka nje ya ukuta, wakasimama kwenye kifusi. Mzee Nyangwine alikuwa ameshateremka. Wegesa akalishika jembe, Tamimu akaishika maikrofoni, na Benedicto akasimama kando akitazama.

"Nikalipiga kama ninalima shamba la baba yangu," anasema Wegesa. "Yeye akafurahi. Na mimi nikafurahi kwa kuwa amefurahi. Sikuona kosa. Kosa liko wapi? Nje ni nje."

Benedicto hata leo anasema sharti halikuvunjwa, na ni kweli. "Nilichosahau," anaongeza, "ni kwamba redio haina macho."

Kipindi kilirushwa Jumapili mbili baadaye. Betri zilikuwa hazipatikani dukani, kwa hiyo zile za redio ya ofisi zilianikwa juani tangu Ijumaa ili zipate nguvu kidogo. Watu walijaa mpaka nje. Bibi Mokami aliketi mahali pake. Wegesa alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

Tamimu alianza kwa ile sauti yake. Akasema yuko Kisaka, ndani ya ngome ya mawe ya mababu, na kwamba mbele yake kuna mama shujaa anayefunua historia ya taifa kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akanyamaza kidogo, kama anavyonyamaza kabla ya mkwaju wa penalti. Likafuata jembe. Pigo moja, la pili, la tatu, udongo ukimwagika.

Kwa haki yake, kipindi kilichobaki kilikuwa kizuri. Mwandishi huyu alikisikiliza chote. Tamimu alieleza jinsi vigae vinavyosomwa, akamhoji Benedicto, akawaambia vijana kwamba nchi inayojijenga inahitaji pia watu wa kuitafutia mizizi yake. Mtu anayejua Kiswahili angeondoka pale ameelimika.

Bibi Mokami hakujua Kiswahili hicho chote. Jembe alilijua.

Alisimama kabla ya mahojiano, akachukua fimbo yake. Watu wakampisha. Alipofika mlangoni alimtazama mkamwana wake, akamwambia kwa Kikurya neno moja, "Nimesikia," akapita.

"Hapo nikajua ugali wangu umekwisha," anasema Wegesa. "Nilitaka kumkimbilia. Ningemwambia nini? Kwamba hakusikia? Alisikia. Lilikuwa jembe, na lilikuwa langu."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufika Jumatatu jioni ilishasemwa kijijini kwamba Wegesa amelima makaburi mchana kweupe na kulipwa kwa kazi hiyo, na kwamba taifa zima ni shahidi. Mzee Nyangwine alisimamisha kazi. Kilima kikafungwa.

Na wakati kilima kimefungwa, wakaja vijana.

Walitoka Mbalibali na vijiji vingine, wengine wakiwa wametembea tangu alfajiri. Walikuwa wamemsikia Tamimu. Walikuwa wameipenda kazi, kama Benedicto alivyoomba siku zote ipendwe. Kila mmoja alikuwa na jembe begani, na wachache waliojiandaa zaidi walikuwa na sururu.

Benedicto, aliyekuwa amezunguka shule zote zile asipate hata kijana mmoja, alilazimika kusimama chini ya kilima akiwasihi warudi nyumbani.

"Mura mmoja alinigombeza," anasema, akitumia neno la huku la kumwitia kijana. "Alisema, 'Tamimu ametuita, wewe ni nani wa kutufukuza?' Kweli Tamimu aliwaita."

Mzee Nyangwine alipoona kundi lile la majembe, aliamua mambo yaishe. Akawaita wazee wa ukoo wapande wakaone kwa macho yao jembe lilipigwa wapi. Ulikuwa msafara wa wanaume. Bibi Mokami hakuitwa. Alijiita. Walipofika nusu ya mlima waligeuka wakamwona nyuma yao, anapanda na fimbo yake, anapumzika, anapanda tena.

Wegesa alikuwa tayari juu, amesimama kando ya shimo lake. Anasema hajawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kuzaa mtoto wake wa kwanza.

Wazee walizunguka ndani ya ukuta wote. Hawakuona alama ya jembe. Wakatoka nje, wakaonyeshwa kifusi, na alama zilikuwa pale, zimekauka. Nyangwine akakohoa, akasema basi, sharti halikuguswa. Wanaume wakaanza kuongea kwa pamoja, kama ilivyo kawaida jambo likishaisha.

Bibi Mokami hakwenda kwenye kifusi. Alibaki ndani ya ukuta, amesimama juu ya shimo, anatazama chini.

Chini yake palikuwa na sakafu ya udongo uliokandwa, ngumu na safi. Mafiga matatu yalikuwa mahali pake, katikati yake pakiwa peusi. Jiwe la kusagia lilikuwa ukutani, limelala ubavu. Hapakuwa na jani wala chembe ya mchanga. Mtu angedhani mwenye nyumba ametoka kuchota maji.

"Nani amefagia hapa?" bibi akauliza.

Benedicto alifungua mdomo kueleza. Mzee Nyangwine, aliyekuwa amerudi ndani, akamshika mkono.

"Ni mimi, mama," Wegesa akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku ninayopanda huku."

Hapa inafaa msomaji aelezwe jambo moja. Katika koo za huku, mwanamke aliyeolewa huanza kwa ufagio. Kabla hajapewa jiko lake, kabla hajaonyeshwa shamba, hufagia nyumba na ua wa mama mkwe wake. Wengine hutazama ngoma na ng'ombe wa mahari, lakini mama mkwe hutazama ua asubuhi, na akiridhika na ua ameridhika na mtu. Mgeni hapewi ufagio. Kibarua hapewi ufagio. Huo ni wa mkamwana.

Bibi Mokami aliinama kadiri mgongo ulivyomruhusu, akatazama mafiga kwa muda mrefu.

"Hawa ni wakwe zangu mimi kabla ya kuwa wako," akasema. "Walikuwa hawana mtu wa kuwafagilia."

Akaomba mkono wa kushukia, na mkono alioushika ulikuwa wa Wegesa.

Kazi ilianza tena wiki hiyo. Siku chache baadaye Wegesa aliamka akakuta ufagio mpya mlangoni, wa nyasi ndefu za huku, umefungwa kwa fundo ambalo nyumba nzima inajua ni la nani. Aliupandisha kilimani. Benedicto akausifu, kisha kwa adabu zote akaukataza usiingie shimoni, kwa kuwa nyasi zake ni ngumu na zinaweza kukwaruza sakafu. Wegesa alipojaribu kuurudisha nyumbani, Bibi Mokami akauliza unafanya nini chini. Sasa ufagio huo hufagia njia na ukingo wa ukuta, na usiku hulala kilimani.

Je, mtangazaji maarufu anaweza kuisaidia kazi isiyojulikana? Mwandishi huyu alimfuata Tamimu Maftah jijini Dar es Salaam kumuuliza. Alikuwa ameshasikia yaliyotokea, na hakujitetea sana.

"Nilitaka msikilizaji aione kazi," alisema. "Brashi haisemi. Jembe linasema, nalo likasema lisilokuwamo. Lile neno 'ndani ya ngome' nililiweka hapa studio, wakati wa kuunganisha. Lilikuwa linakaa vizuri."

Kisha akaongeza, "Mimi kazi yangu ni kuita watu, na nikiwaita wanakuja. Lakini wakifika, wakute mtu wa kuwaonyesha. Hilo siliwezi kutoka hapa."

Benedicto hana kinyongo. Anasema baadhi ya vijana wale wa Mbalibali hawakuondoka. Waliacha majembe yao chini ya kilima, wakapewa brashi, na mmoja wao sasa anapanga vigae vizuri kuliko yeye alivyopanga mwaka wake wa kwanza. Shule ya sekondari moja imeomba aende akazungumze. Angependa Tamimu arudi. Angependa zaidi siku ambayo televisheni itafika bara, hata kama atakuwa mzee, ili watu wamwone Wegesa anavyofanya kazi bila mtu kulazimika kuitafutia sauti.

Wegesa hasemi habari za televisheni. Ameiona mara moja tu, zamani mpaka wa nchi ulipokuwa wazi, kwenye duka moja ng'ambo ya Sirari, na anasema watu wa mle walikuwa wadogo mno. Mipango yake ni miwili. Anataka kujifunza kuchora ramani ya shimo, ambayo Benedicto ameahidi kumfundisha mvua zikianza na kazi ya nje ikisimama. Na mwingine ni ule ule wa tangu mwanzo.

Ameulizwa kama Bibi Mokami amekula.

"Bado," anasema. Brashi imesimama hewani. "Ila mbwa hawapewi tena. Nikiweka chakula, nikirudi nakuta amekifunika. Jana nimekuta amekifunika na kukisogeza karibu na kiti chake. Anakaribia. Simharakishi, huyu mama ukimharakisha anarudi nyuma."

Anarudi magotini, anapuliza vumbi pembeni mwa figa.

"Siku atakayomega tonge nitamwita yule kaka arudi. Aje na mashine yake, aketi jikoni kwangu, aiweke karibu na mdomo wa mama. Si alitaka sauti? Kula kuna sauti."